Ombi Rasmi Dhidi ya Askofu Asiye na Suruali

Jumatatu, 1 Oktoba 1984

Siku ya kihistoria. Naiandika kwa wino mweusi. Ule wa buluu nauhifadhi kwa mambo ya kawaida.

Bwana Mirza, mwenye duka la magazeti mwisho wa mtaa wetu, amenithibitishia kwamba Ngao Mpya inakuja. Toleo la kwanza! Kikosi kipya cha mashujaa tisa, jarida la katuni lililochapishwa Amerika, litaingia hapa Dewsbury Jumatano ya tarehe 17. Idadi ya nakala: moja. Majarida ya Amerika hutufikia kama sukari ya mgao enzi za vita, yaani kidogo, kwa kuchelewa, na kwa kujuana na mwenye duka.

Yafaa nieleze, kwa faida ya vizazi vijavyo, sababu ya moyo wangu kwenda mbio. Katika kikosi cha zamani, Ngao Saba, alikuwamo shujaa aitwaye Nguzo. Uwezo wake ulikuwa mmoja: akisimama mahali, hakuna nguvu duniani iwezayo kumsogeza. Wenye akili finyu walimcheka, kwa hoja kwamba maadui walimzunguka tu, wakaendelea na uhalifu wao. Miaka mitano iliyopita kikosi kilivunjwa, na Nguzo akatoweka bila hata kuagwa. Tangu hapo nimewaandikia wahariri wa New York maombi rasmi yasiyo na idadi. Sikujibiwa. Lakini tangazo la Ngao Mpya lina vivuli tisa, na kivuli cha nyuma kabisa, upande wa kushoto, kimesimama wima kwa namna ambayo ni mtu mmoja tu aijuaye. Wamenisikia! Lazima nimwone kwa macho yangu, katika nakala yangu, isiyoguswa na mkono wa mwingine.

Kikwazo: Bibi Winifred Crabtree.

Mjane. Nywele za zambarau. Mpishi mstaafu wa shule ya msingi niliyosoma. Anawapenda mashujaa kama niwapendavyo mimi, na nyimbo za chati anazipenda kuliko wajukuu wake. Alikuwemo dukani. Akadai nakala ni yake kwa kuwa aliiulizia kwanza. Nikamjulisha kwa adabu kwamba mimi niliiagiza kwa maandishi. Akanijibu mbele ya watu waliokuja kununua maziwa: “Cyril, mwanangu, mimi nimekupakulia kastadi tangu huna meno ya mbele. Usinipandishie mabega hapa.”

Bwana Mirza akashika kichwa. Alikumbusha kwamba mara ya mwisho tulipogombea jarida lilichanika katikati, na kila mmoja akadai nusu yenye mwisho wa hadithi. Hukumu yake ni hii: kesho, baada ya chati mpya ya nyimbo kutangazwa, kila mmoja atataja wimbo mmoja. Yule ambaye wimbo wake utashika namba moja Jumanne ya tarehe 16 ndiye atakayechukua jarida. Tukikosa wote wawili, atalisoma yeye mwenyewe, tena akila samosa. “Redio haijui sura zenu,” alisema, “wala haili rushwa ya biskuti.”

Biskuti zile zilikuwa zawadi ya Krismasi.

Jumanne, 2 Oktoba

Nilisikiliza chati adhuhuri kazini, katika kibanda changu cha tiketi kwenye bwawa la kuogelea la manispaa. (Mimi ni karani wa tiketi; siku za wastaafu hukabidhiwa pia filimbi.) Namba mbili, na inapanda: “Usiku Haujui Jina Langu”, wake Julian Fontaine, kijana nadhifu anayeimba akiwa na leso mfukoni. Ni nani asiyeona mwelekeo? Jioni niliwasilisha chaguo langu kwa Bwana Mirza ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri. Akaifungua kwa kisu cha jibini.

Bibi Crabtree alitaja lake kwa mdomo, huku akitafuna. “Askofu Kapoteza Suruali.” Wimbo wa kundi la Kuku wa Barafu kutoka Rotherham. Namba thelathini na nne.

Nikamwomba arudie. Akarudia, tena kwa kuimba. Alieleza kwamba wimbo huo unamkumbusha marehemu mumewe, ambaye hakuwa askofu ila kwenye suruali walikuwa ndugu. Nilicheka hadi nikalazimika kuketi juu ya marobota ya magazeti. Namba thelathini na nne! Bwana Mirza aliniomba ninyanyuke, nilikuwa nimekalia habari za michezo.

Jarida ni langu. Nimeshaliandalia mfuko wa nailoni.

Jumatano, 3 Oktoba

Sikupata utulivu. Kiongozi mwangalifu haachi nyoka eti kwa kuwa amelala. Nilimwomba dada yangu Hilda, ninayeishi naye, anitegee redio niusikie huo wimbo kwa ajili ya utafiti.

Aibu iliyoje! Ubeti wa kwanza, Askofu anaoga mtoni. Ubeti wa pili, mbuzi anapita. Katika kiitikio Askofu anakatiza kanisani katikati ya kwaya, mbele amejisitiri kwa kitabu cha tenzi, nyuma hana la kujisitiri. Kuna tarumbeta. Hilda alikuwa anapiga sufuria kwa mwiko. Nilimwuliza kama anaona jambo hilo linafaa kusikika katika nyumba ya Wamethodisti. Akajibu kwamba sisi Wamethodisti hatuna maaskofu hapa, kwa hiyo ni msiba wa jirani.

Nikachukua kalamu. Hakuna wimbo uwezao kushika namba moja ikiwa redio haitaupiga. Hilo ni jambo la mantiki tupu. Ombi rasmi kwa mkuu wa redio ya taifa, nakala kwa Askofu, kwa mbunge wetu, na kwa gazeti la wilaya. Nanukuu sehemu, kwa kuwa sidhani kama nimewahi kuandika vizuri zaidi:

“Mimi mwombaji, mlipaji mwaminifu wa ada ya televisheni (ingawa televisheni yenyewe ni ya dada yangu), nanyanyua kalamu yangu kwa mkono unaotetemeka, si kwa baridi, bali kwa fedheha. Je, taifa lililomstahi Askofu akiwa amevaa, litaendelea kumstahi akiwa hajavaa? Naomba, nasihi, na ikibidi nashurutisha, kwamba wimbo tajwa uzimwe kama mshumaa.”

Sahihi: C. Haigh, Tiketi na Filimbi, Bwawa la Manispaa.

Hilda alisoma, akauliza iwapo Nguzo naye huvaa suruali au yale matambara ya kubana. Nikatoka kwenda Posta.

Ijumaa, 5 Oktoba

Gazeti la wilaya limelichapa ombi langu lote! Ukurasa wa tatu, pamoja na picha. Mpiga picha alitaka niishike santuri ya Kuku wa Barafu kwa ncha za vidole, kana kwamba ni panya aliyekufa. Nilidhani nitaonekana mwenye msimamo. Naonekana mwenye kichefuchefu. Kichwa cha habari: “Mpuliza Filimbi Amvalisha Askofu”.

Chini yake kuna maelezo kutoka ofisi ya Askofu. Wanasema Askofu ameusikia wimbo na kwamba suruali zake zote zipo.

Nilimkuta Bibi Crabtree dukani akinunua magazeti matano. Matano! Nikadhani anataka kuyaficha watu wasisome. Kumbe alisema anawatumia jamaa zake wa Hull, Blackpool na kwingineko. Akaomba nimtilie sahihi moja. Sikuweza kumnyima, mpinzani anayekiri ukubwa wako ni nadra. “Andika vizuri, mwanangu,” alisema. “Na kama una hasira zaidi, usizifungie tumboni. Zitakuletea vidonda.”

Jumatatu, 8 Oktoba

USHINDI!

Saa mbili na nusu asubuhi, mtangazaji wa redio ya taifa aliuanzisha wimbo. Mbuzi akapita. Kiitikio kikaanza. Ghafla: kwaruzo la sindano, kisha kimya. Mtangazaji akasema kwa sauti nzito kwamba hataendelea na upuuzi huu; kwamba yamefika malalamiko, likiwemo moja refu mno kutoka Dewsbury; na kwamba kuanzia leo wimbo huo hautasikika tena kwenye redio ya taifa, asubuhi wala jioni.

Mimi! Mwana wa mtengeneza mablanketi! Nimeinyamazisha redio ya nchi nzima kwa karatasi mbili, pande zote mbili.

Nilimwambia Hilda kwamba Bibi Crabtree sasa amekwisha. Hilda akapaka siagi mkate wake polepole, akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikakubaliana naye kabisa. Maskini Bibi Crabtree, kujichimbia kisima namna ile.

Jumanne, 9 Oktoba

Fontaine ni namba moja! Nilipuliza filimbi kwa furaha na wastaafu wote wakatoka majini wakidhani kuna moto. Msimamizi amenipa onyo. Si kitu.

Askofu amepanda hadi namba kumi na tisa. Hilda aliliinulia hilo nyusi. Nilimfafanulia kwamba hizo ni hesabu za wiki iliyopita, kabla ya redio kuufungia, na kwamba hata kuku aliyechinjwa huruka ruka kidogo.

Jioni nikapita dukani kumfariji mshindwa. Bibi Crabtree alikuwa mnyonge, ameinamia kaunta. Alisema amekubali uamuzi wa redio, sasa anamwomba Mungu televisheni isije ikafuata, maana hapo hata yeye atakata tamaa. Kosa la mchezaji asiye na uzoefu! Nilikwenda moja kwa moja nyumbani na kuwaandikia televisheni. Nilitumia neno “uozo” kwa kiasi.

Bwana Mirza alinitazama nikiondoka na kumwambia Bibi Crabtree jambo kwa sauti ya chini. Bibi akamjibu: “Mwache mtoto acheze.”

Alhamisi, 11 Oktoba

Televisheni imetii. Kuku wa Barafu walikuwa watokeze leo jioni. Wameondolewa, na nafasi yao amepewa bwana mmoja mwenye mbwa wanaopanda ngazi. Magazeti makubwa ya London yameweka Askofu ukurasa wa kwanza. Moja limenitaja, ingawa limeandika “Cecil”.

Mchana nilipita sokoni, kwenye duka la santuri la Trevor Sykes. Foleni! Ilitoka mlangoni, ikapita muuza nyama, ikafika kwenye kibanda cha mapazia. Moyo wangu ukajaa. Watu wa Dewsbury wanarudisha santuri zao! Nilipita kando ya foleni nikiwapa mkono mmoja mmoja na kuwapongeza kwa ujasiri wao. Mama mmoja mwenye kigari cha mtoto aliniambia: “Asante, babu, bila wewe tusingejua kama huu wimbo upo.” Babu! Nina miaka arobaini na sita.

Mwishoni mwa foleni nilimkuta Mchungaji Illingworth, wa kanisa langu, kola ya koti ameipandisha hadi masikioni. Hakuwa na santuri ya kurudisha. Alisema amekuja kwa ajili ya mahubiri.

Nilipofika nyumbani nikaanza kufikiri. Hakuna hata mmoja katika foleni ile aliyekuwa na santuri mkononi. Wote walikuwa mikono mitupu. Waliokuwa wakitoka ndio waliokuwa nazo.

Nimekunywa chai bila maziwa.

Jumamosi, 13 Oktoba

Leo ndiyo siku ya mwisho ya mauzo yanayohesabiwa kwa chati ya Jumanne. Nilijiuliza: Nguzo angefanyaje? Jibu lilikuja lenyewe. Angesimama.

Saa tatu asubuhi, Trevor alipofungua tu, nikajiweka katikati ya mlango wake. Miguu imepanuliwa, mikono kifuani, macho mbele. Nilivaa koti la kazi, lenye vifungo. Niliutangazia umma kwamba sitasogea hadi jioni, na kwamba nafanya hivi bila chuki.

Walinijaribu. Kijana mmoja alinisukuma, sikusogea. Mbwa alininusa akafanya alilofanya, sikusogea. Bibi mmoja alinitekenya. Nilisogea kidogo, kisha nikarudi. Kufikia saa tano hapakuwa na mtu hata mmoja mbele yangu. Foleni imekwisha! Nilisikia fahari ambayo siwezi kuieleza kwa maandishi, na hilo si kawaida yangu.

Trevor alitoka ndani akaniletea chai na kiti. Nikakataa kiti. Aliniomba radhi kwa usumbufu, akanipigapiga mgongoni kwa upole. Kijana mwenye tabia njema kuliko nilivyofikiri.

Adhuhuri alifika Bibi Crabtree na chama kizima cha akina mama wacheza tufe. Wenzake waliniangalia wakacheka, wakanipita. Yeye alibaki. Alinitazama kutoka kofia hadi viatu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutafuna kitu.

“Unajua unafanana na nani hapo?” alisema.

Nikapanua miguu zaidi.

“Nguzo mtupu. Toleo la kumi na nane, pale kwenye daraja. Nililia siku ile, Cyril, machozi yakaingia hadi kwenye supu ya shule.”

Nikamwambia kwamba toleo la kumi na nane ndilo bora kuliko yote. Akasema ni kweli. Akaniweka sawa kola. Kisha akanizunguka, akaingia kwa muuza nyama.

Hapo ndipo nilipogeuza shingo. Muuza nyama na Trevor wanachangia stoo. Mlango wa katikati ulikuwa wazi tangu asubuhi, na watu wote wa Dewsbury walikuwa wakipita kati ya soseji, wanatoka na Askofu kwapani. Hilda ndiye aliyenivua koti nyumbani. Mgongoni palikuwa na karatasi: “SURUALI ZINAPATIKANA NDANI. PITIA KWA MUUZA NYAMA.”

Jumanne, 16 Oktoba

Ninaandika haya nikiwa nimeketi bafuni, kwa kuwa ndicho chumba pekee chenye komeo.

Saa sita na robo redio ilikuwa tayari kibandani, sauti juu. Wastaafu walikuwa majini. Chati ilisomwa kutoka chini kwenda juu, na kadiri namba zilivyopungua Askofu hakutajwa. Hakuwa wa kumi na tisa. Hakuwa wa kumi. Hakuwa wa tano! Nilianza kuamini kwamba ametoka kabisa kwenye chati. Mtangazaji akafika kileleni. Akakohoa. Akasema, “Na sasa, namba moja ya taifa...”

Wakati huohuo wastaafu, ambao walikuwa wamepanga jambo hili bila kunishirikisha, wakaanza kuimba majini, wote kwa pamoja, kiitikio cha Askofu, huku wakipiga maji kwa mikono mahali penye tarumbeta. Ni marufuku kuimba bwawani. Kanuni ya nane. Nikapuliza filimbi. Nikapuliza tena, kwa nguvu zangu zote, hadi ukimya ukapatikana.

Na katika ukimya ule, kutoka redioni, sauti tamu ya Julian Fontaine: “Usiku haujui jina langu...”

Namba moja! Bado namba moja! Nilikumbatia mashine ya tiketi. Sikungoja zamu iishe. Nilikimbia mtaani na filimbi shingoni hadi kwa Bwana Mirza, nikaingia nikiwa nimeinua mikono, na kutoa hotuba fupi. Nilisema haki haina haraka. Nilisema sina kinyongo. Nilimwambia Bibi Crabtree kwamba nitamruhusu alisome jarida, siku ya Jumapili, nikilifungua mimi mwenyewe kurasa.

Bibi Crabtree alimtazama Bwana Mirza. Bwana Mirza akatazama dari.

“Kaka Cyril,” alisema hatimaye, na huwa haniiti kaka isipokuwa kuna msiba, “ulimsikia mtangazaji kabla ya wimbo?”

Nikasema nilikuwa napuliza filimbi.

“Alisema namba moja ni Askofu. Ila kwa kuwa imepigwa marufuku hawawezi kuipiga. Kwa hiyo wakapiga namba mbili.”

Nilimwuliza kama ana hakika. Watu wote dukani walikuwa na hakika. Hata mtu aliyekuja kununua kamba za viatu.

Bibi Crabtree hakucheka. Kwa haki lazima niliandike hilo. Alinipa tofi. Alicheka nilipofika nje. Nilimsikia hadi kwenye sanduku la barua.

Jumatano, 17 Oktoba

Ngao Mpya imefika. Nilikwenda, kwa kuwa mtu muungwana huhudhuria hata mazishi yake.

Bwana Mirza aliitoa chini ya kaunta ikiwa imefungwa kwa gazeti. Jalada jekundu na dhahabu! Vivuli tisa! Bibi Crabtree akaipokea. Kisha, mbele ya macho yangu, akaramba kidole na kufungua ukurasa. Kidole chenye siagi! Aliisoma yote papo hapo, akiwa amesimama, akiramba kila baada ya kurasa mbili, nami nikimtazama usoni kama mtu anayesubiri daktari.

Nilimwuliza neno moja tu: yumo?

Akalifunga jarida. “Hilo ni la kusoma, mwanangu, si la kusimuliwa.” Akalitia mkobani, kati ya vitunguu na samaki.

Sikula chakula cha jioni. Hilda alinikaangia soseji, lakini soseji sasa zina kumbukumbu zake.

Jumamosi, 20 Oktoba

Nimekosea. Nimekuwa nikimdhania vibaya Bibi Crabtree. Wino mweusi tena!

Saa kumi alibisha hodi. Mkono mmoja bakuli la kastadi, mkono mwingine mkoba. Hilda alimkaribisha sebuleni. Bibi Crabtree aliketi ukingoni mwa kiti, macho chini, kama mtu aliyekuja kuungama. Akaitoa Ngao Mpya na kuniwekea magotini.

“Ukurasa wa kumi na moja,” alisema.

Nikafungua. Mkono ulitetemeka, na hapa situmii lugha ya maombi. Kulikuwa na alama ya siagi, na juu ya alama ile, katika picha ndogo upande wa kulia, alikuwa yeye. Nguzo! Amezeeka kidogo mashavuni. Kiongozi wa kikosi anamwambia abaki nyuma alinde mlango. Naye anajibu maneno mawili tu: “Nipo hapa.” Katika picha inayofuata maadui wanaingia kwa dirisha, lakini hilo ni kosa la mjenzi.

Nilipenga kamasi. Bibi Crabtree naye alipenga kamasi. “Nilijua utaipenda,” alisema. “Nilitaka tu nikuone usoni, na pale dukani kulikuwa na watu.” Tulikula kastadi. Haijabadilika, bado ina madonge.

Kisha akafikia jambo lililomleta. Toleo la pili la Ngao Mpya linakuja mwezi ujao. Nakala moja. Bwana Mirza ameweka sharti lilelile. Mimi nimeshachagua: Fontaine ana wimbo mpya, “Leso Yangu Yakukumbuka”, wenye mustakabali mzuri. Nikamwuliza yeye amechagua upi. Akasita. Akasema anaona haya hata kuutaja. Ni Kuku wa Barafu tena, wimbo unatoka Jumatatu, unaitwa “Meya Kachutama Bustanini”. Ameuchagua kwa mazoea tu, lakini tangu ausikie nafsi yake inamsuta. Ni mchafu, alisema, kuliko wa Askofu mara kumi. Kuna ubeti mzima juu ya mawaridi.

“Mimi ni mwanamke wa makamo, Cyril, sina elimu ya kalamu,” alisema. “Lakini nchi hii lazima iwe na mtu wa kuusemea ukweli. Mtu ambaye redio inamsikiliza. Nawaza, angepatikana nani?”

Hilda alitoka sebuleni ghafla, leso mdomoni. Ana kikohozi kibaya wiki hii.

Nilimwuliza Bibi Crabtree kama anaelewa kwamba akiniomba hivyo anaangamiza wimbo wake mwenyewe. Akainamisha kichwa, akasema dhamiri ni kitu kigumu. Akafungua mkoba na kunipa stempu, karatasi nzima, nyingi kiasi cha kutosha mbunge, Askofu, televisheni, na magazeti yote ya London. Alikuwa ameshaandika na anwani, asinisumbue. Mwanamke yuleyule aliyenicheka Jumanne! Ndivyo ombi lililojengwa vizuri linavyoweza kumbadilisha mtu, hata kama hakuandikiwa yeye.

Ninakiri kwamba safari iliyopita nilikosea jambo moja. Nilikuwa mpole mno. Neno “uozo” nililitumia kwa kiasi. Safari hii hakuna kiasi.

Nimeanza: “Kwa heshima, taadhima na ghadhabu isiyo na mfano...”

Naipeleka Posta Jumatatu alfajiri. Bibi Crabtree amesisitiza isichelewe hata siku moja.